Mlima wa Godoro Kwenye Warsha ya Wahadhiri

Mimi ni mtu wa nyumbani. Ukinikosa kwa ng'ombe, nitafute kwa kuku. Ukinikosa kwa kuku, nimelala. Nilisoma hadi kidato cha nne nikatosheka. Mke wangu hakutosheka. Alisoma mpaka akaitwa Daktari, akaanza kufundisha jiografia chuo kikuu, nami nikabaki hapa Kinoru, Meru, nikiitwa "bwana ya Daktari" hata na watu waliozaliwa wakanikuta.

Hilo halikuniuma, maana nilikuwa na kazi yangu. Kila Jumapili jioni, kabla ya vipindi vya wiki, mke wangu alisimama mbele ya televisheni iliyozimwa akanifundisha. Mimi ndiye nilikuwa darasa. Nilikaa kwenye kochi langu karibu na dirisha, kikombe cha chai juu ya tumbo, nikasikiliza habari za udongo, mito na mawingu. Nikisinzia, alijua hapo pamekuwa parefu, akapunguza. Nikiuliza swali la kijinga, alijua wanafunzi nao wataliuliza. Niliringia kazi hiyo kuliko ng'ombe wangu.

Kisha chuo kikaanzisha warsha za kuwafundisha wahadhiri kufundisha.

"Sasa hizo digrii zote zilikuwa za nini?" nilimuuliza.

"Zilinifundisha jiografia," akasema. "Kufundisha nilijifunza kwa kuiga walionifundisha, na wengine wao walikuwa wabaya sana."

Warsha ya kwanza ilikuwa Embu, hotelini, wiki nzima. Alirudi na kadi ya jina shingoni, mkoba mpya wa kitambaa, na mwanamume. Si kwamba alimleta mlangoni; alimleta mdomoni. Kila mhadhiri alikuwa amepangiwa mwenzake kutoka idara nyingine, wa kuketi nyuma ya darasa lake, kumtazama akifundisha, kisha kumwambia ukweli. Sheria yao ni kwamba unasifu mara mbili ndipo ukosoe mara moja. Wa mke wangu alikuwa mtu wa kilimo, mtaalamu wa mbolea.

"Mwenzangu amesema naongea haraka." "Mwenzangu amesema niwape wanafunzi nafasi wafikirie." Na anashukuru! Mimi nikimwambia chai imezidi majani, tunalala tumepeana migongo.

Nikajaribu sheria yao. "Mama watoto, hiyo nguo imekukaa vizuri, na nywele pia ziko sawa. Lakini mahindi ya githeri hii hayajaiva."

"Umepika wewe," akasema.

Jumapili ikafika, nikakaa tayari na chai yangu. Mke wangu akapita na simu, akaingia chumba cha kulala, akafunga mlango. Nikamsikia akifundisha kwa video, na mwenzake upande ule akimsikiliza. Nilibaki kwenye kochi kama shule ambayo mwalimu wake amehamishwa. Halafu akacheka huko ndani. Mawingu yana kichekesho gani? Mimi nimeyasikiliza miaka mingi na sijawahi kuona cha kucheka.

Jumapili iliyofuata ikawa hivyo hivyo, na nyingine. Hata muuza nyama wetu, Mwislamu wa hapa mjini asiyeweza kukuuzia nyama bila kukupa na utani, aliona uso wangu.

"Mzee, Daktari ameenda semina tena?"

"Yuko nyumbani. Lakini ni kama yuko semina."

"Pole sana. Akimaliza kufundishwa kufundisha, na wewe upelekwe ufundishwe kuzoea." Akacheka peke yake, na hakuniongezea hata mfupa.

Warsha ya mwisho ilifanyika hapa Meru mjini, hotelini pia. Siku ya kufunga, kila mhadhiri angefundisha somo fupi mbele ya wenzake. Mke wangu alichagua mvua: kwa nini mawingu hupita juu ya nyanda kavu za Gachoka bila hata salamu, yakapanda mlima, yakapoa, yakawamwagia watu wa Runyenjes wenye majani chai tele. Hilo somo lilikuwa letu. Nilikuwa nimemchongea mlima kwa godoro kuukuu, kijani huku juu na kahawia huku chini, na kila mwaka aliubeba darasani.

Asubuhi hiyo aliuacha juu ya kabati.

"Mwenzangu amesema picha ya projekta inatosha."

Alipotoka, nilikaa nikiutazama ule mlima. Kisha nikaoga katikati ya wiki, jambo lililowashangaza kuku, nikapanda bodaboda na mlima mapajani.

"Mzee, vyumba vya hapa viko na godoro," mlinzi wa hoteli akaniambia.

"Ni ya Daktari. Ameisahau."

Mama mchangamfu aliyeongoza warsha alinionyesha kiti cha nyuma. "Karibu mzee, wanafunzi tunawahitaji." Mke wangu aliuona mlima, akaniona mimi nyuma yake, akafumba macho kidogo kama mtu anayemeza dawa. Kisha akaanza somo.

Mwenzake alikuwa ameketi mbele. Kichwani mwangu nilikuwa nimeshamtengenezea kimo, koti la suti na meno meupe. Kumbe ni mfupi, sweta limetoboka kiwiko, na ana mafua. Nikakasirika zaidi. Angekuwa mtanashati ningeelewa. Huyu alikuwa mtu kama mimi!

Mke wangu alifundisha vizuri. Aliuliza swali akanyamaza, na ukumbi mzima ukafikiri. Ilikuwa bora kuliko Jumapili zangu zote, na hata mara moja hakunitazama. Nilidhani ni hasira.

Mtu wa mbolea akasimama. "Daktari, kwanza, ule ukimya ulifanya kazi. Pili, mimi nimezaliwa Gachoka, na leo ndiyo nimeelewa kwa nini tulikuwa tunaona mvua ikitupita. Sasa la kurekebisha. Chuoni nimekuona, na leo tena. Unaongea na kona moja tu, hapo chini karibu na dirisha, hata kama hakuna mtu. Sisi wa upande huu macho yako tunayasikia tu."

Mke wangu akageuka kutazama ile kona. Palikuwa na katoni tupu ya maji. Akafunika uso, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Ni mzee wangu," akasema. "Nyumbani hukaa hapo."

Ukumbi wote ukageuka kunitazama, mimi na godoro.

"Basi mzee awe anahamahama," yule akasema, akapenga kamasi.

Wakati wa kurudi, mke wangu aliubeba mlima mwenyewe.

"Mlinzi ameniambia eti niliusahau. Niliusahau vipi, na niliuacha mbele ya macho yako?"

"Nilidhani..."

"Najua ulidhani nini. Mwenzangu ananisaidia sana, lakini hasinzii. Ni mpole mno. Nitajuaje nimechosha watu? Jumapili uwe tayari, na uvae viatu."

Tangu hapo Jumapili ni zangu tena. Naanza kwa kochi, nahamia stuli, nasimama mlangoni, napita jikoni, na macho ya Daktari yananifuata kila mahali. Nikitaka kuketi ananikemea. Chai inanimwagikia, na kusinzia nimejifunza kusinzia wima. Furaha ninayo, sikatai. Lakini kila nikihama najua ni nani anayenitembeza ndani ya nyumba yangu mwenyewe, tena kwa sentensi moja aliyoisema akiwa na mafua. Ningeweza kuligundua jambo hilo la kona mimi, niliyekuwa nikitazamwa miaka hiyo yote. Mke wangu anasema vipindi vyake havijawahi kuwa vizuri hivi, naye anavyofurahi akisema, hata kununa siwezi. Nahama tu.