Kabari ya Orpha

Sauti tunayoikumbuka ni mkoromo. Pampu ya mafuta ya Orpha Haverkamp ilizoea kuguna polepole kama ng'ombe anayecheua. Siku ile ikavuta hewa, ikakoroma, ikanyamaza. Orpha alikuwa akianua nguo. Akasimama na shuka kifuani, akisikiliza.

Hapa Signal Hill kila mtu alijua ufa wa ardhi unapita wapi. Ulikata katikati shamba la matango aliloliacha mzee Haverkamp. Mashariki alirithi Orpha, magharibi mdogo wake, Delbert. Orpha alichimba akapata mafuta. Delbert alichimba akapata maji ya chumvi.

Orpha alipenda kuwaeleza wageni kwa kitambaa cha meza. Alilaza viganja viwili, akasukuma kimoja huku na kingine kule, mpaka kitambaa kikajikunja kati yao.

"Kilima chetu ndicho hiki. Ardhi mbili zinapitana bila kuagana, zinakunjana. Mafuta ni mepesi kuliko maji, basi yanapanda mchangani, yanapanda, yakifika chini ya mkunjo yamenaswa." Kisha alichora mstari kwa ukucha kando ya mkunjo. "Na huu ndio ufa. Mawe yamesagana humo mpaka yakawa udongo laini. Ni ukuta. Hata tone halivuki."

"Ndiyo maana dada ana mafuta," Delbert alisema, mdomo umejaa keki, "na mimi naweza kufungua duka la chumvi."

"Fungua, nitakuja kukopa."

Tulicheka. Kila Jumapili alikula hapo, na Orpha humfungia chakula cha mafundi wake.

Asubuhi moja Delbert alikuja kofia mkononi. "Dada, keekee ya kuchimbia imekatikia shimoni. Haitoki. Nataka niikwepe kwa pembeni. Ile kabari yako ndefu bado ipo?"

Kabari ile ni chuma kilichochongwa mteremko. Huteremshwa shimoni, keekee ikigonga ubavu wake inapinda na kushika njia nyingine.

"Ipo bandani inaliwa na kutu. Unabisha hodi kama mgeni, umekuwa nani siku hizi?"

Ilikuwa nzito. Delbert alishika upande mwembamba, Orpha akashika ule mwingine, wakaipandisha lorini wakihema na kutaniana.

Baada ya wiki chache kisima cha Delbert kilitapika mafuta. Orpha alikuwa wa kwanza kufika, na pai ya mapichi. Akamkumbatia mpaka mashavu yake yakawa meusi kwa mafuta. "Sikukwambia, mkaidi wewe!" Delbert alitazama viatu vyake. Tulidhani ni furaha imemzidi.

Sasa pampu ya Orpha ilikuwa kimya. Orpha aliikunja shuka vizuri, akaiweka kapuni, akavuka kwenda kwa mdogo wake, nasi tukamfuata. Alimkuta barazani.

"Shimo lako limepindia wapi, Delbert?"

"Dada, ya chini nani anayaona? Ardhi ya hapa hutikisika. Labda mafuta yamevuka yenyewe."

"Ukutani?"

Nyuma ya Delbert pampu yake ilikuwa ikiguna, polepole, sauti ileile tuliyoizoea upande wa pili.

"Ungeniomba," Orpha akasema. "Nusu ningekupa."

"Nilichoka kupewa, dada. Kila Jumapili napewa."

Orpha alitazama mikono yake, akaigeuza viganja juu. Ilibidi tuinamishe vichwa ili tumsikie.

"Upande mzito wa kabari niliushika mimi."