Swali la Sufuria Moja

Siku ya kwanza kazini nilivaa kravati ya mutu mwingine. Ilikuwa Louisville, Amerika, kwa biro moja ya ukalimani karibu na Beechmont, mwaka 2014, na mimi niko na shule ya primaire na mdomo. Shefu wangu, mama wa Bosnia aliyefika huku mukimbizi akiwa kijana, aliangalia kravati, akaniangalia mimi.

"Mukalimani ni bomba," akasema. "Maji ikiingia chafu, inatoka chafu. Usichuje. Bomba ikiziba, sema imeziba."

Donc nyinyi vijana munaoanza kazi hii, hiyo ndiyo université yangu. Columbus nilifanya mwaka moja, kwa simu tu. Shefu wa kule sikumuona uso, nilijua kikohozi chake. Kisha Buffalo, kwenye theluji inafunga mulango mpaka unatokea dirishani kama mwizi.

Ni kule nilimukuta Bahati. Miaka makumi mbili na tatu, alitoka kambi ya wakimbizi peke yake, akapata chumba kwa Mama Nabintu, mama wa milima ya Kivu, hana undugu naye. Akaumia mukono kwa depo, ghala ya kupakia masanduku, kazi ikasimama, akaomba kadi ya serikali ya kununulia chakula. Sheria iko hivi: ukinunua na kupika peke yako, unahesabiwa peke yako. Mukishiriki sufuria, mishahara ya nyumba yote inahesabiwa, na kwa Mama Nabintu watu watatu walikuwa wanafanya kazi. Bahati angetoka mikono mitupu. Na ukidanganya kwa fomu, hata green card yako, kibali cha kukaa huku, inaweza kunyauka kabla haijaota.

Siku ya mahojiano nilikaa katikati yao nikitafsiri, na mama wa biro ya kadi akamuuliza Mama Nabintu, aliyekuja kama shahidi: "Munapika pamoja?"

Bahati alikuwa anajipikia kila siku. Nilishamukuta na kasufuria kake. Lakini Mama Nabintu alijinyoosha kwa kiti.

"Mutoto apike peke yake kwa nyumba yangu, mimi ni muchawi? Anakula kwangu."

Nikatafsiri yote, na muchawi ndani. Bahati akaangalia viatu. Atamubisha mama muzima mbele ya Wazungu? Mama wa biro akachukua bic aandike.

"Mukalimani anaomba ruhusa," nikamuambia mama wa biro. "Bomba imeziba. Kwetu kusema mugeni anajipikia ni aibu. Waulize jana walikula nini."

Akauliza.

"Bugali na sombe ya majani ya muhogo," Mama Nabintu akasema.

Bahati, sauti ya chini: "Mayai. Nilinunua mwenyewe, nikakaanga mwenyewe."

"Mayai? Na sombe iko pale?"

"Niliogopa kumaliza ya watoto, mama."

Mama Nabintu akanyamaza. Nikatafsiri na hiyo: nikanyamaza. Kisha akafungua kitambaa cha kichwa, akakifunga tena.

"Muambie aandike," akasema. "Anajipikia."

Kadi ikatoka. Mama Nabintu hakunisalimia kanisani mwezi muzima.

Nimestaafu ukalimani nikiwa na miaka makumi mbili na sita, musicheke. Sasa niko depo, na masanduku haina aibu. Ninyi munaobaki, muwaambie wamama mapema, mbele ya kuingia biro: ukiulizwa sufuria, jibu sufuria, usijibu roho.

Siku ninatoka Buffalo, Mama Nabintu alinikuta kwa basi na kopo ya margarine, ya moto, imejaa sombe.

"Bahati je?" nikauliza.

"Nilimupa yake kwanza. Chukua," akasema. "Na wakikuuliza, sema ulijipikia."