Mashimo Matatu kwa Njia ya Mafuta

Niliporudi kutoka Doha na diploma ya ufundi mitambo, ambayo nilijilipia mwenyewe, Homa Bay nzima haikuwa na mtu mwingine aliyejua kutoboa mashimo ya vidole kwenye mpira wa bolingi. Hoteli moja ilikuwa imejenga njia mbili za mchezo huo na chumba cha fundi. Mwenye hoteli alisema atakayeshinda mchezo wa Jumapili ndiye atakayepewa chumba hicho. Mpinzani wangu alikuwa muuza vifaa vya ujenzi kutoka Migori, mtu wa kurusha mpira kama anayeshusha gunia la saruji.

Wiki hiyo sikutulia. Nilikuwa na mpira wangu mmoja, haujatobolewa bado. Kila asubuhi nilienda kupapasa mafuta yanayopakwa kwenye mbao za njia ili mpira uteleze. Kidole kilitoka kinang'aa. Kwenye mafuta mazito hivyo mpira huteleza tu, haukati kona. Nikachora mashimo ya vidole juu ya alama ya kiini, ule uzito ulio ndani ya mpira, ili kiini kikae chini na mpira ushike mapema. Nikafuta, nikachora tena, mara nne. Kisha nikaupeleka Migori kwa fundi wa mashine za kusaga mawe ya dhahabu ya machimbo ya Osiri, kwa kuwa drili yake haiyumbi.

"Omera, ndugu yangu, una uhakika?" akaniuliza. "Tukishatoboa, tumetoboa."

"Wewe toboa. Haya mambo nimeyasomea."

Jumapili nilirusha wa kwanza. Mpira ulikata kona katikati ya njia, ukaingia mtaroni.

"Fundi, huo unaelekea Ndhiwa!" mpinzani wangu akacheka.

Niliinama nikagusa mbao. Kavu kabisa, zinanukia sabuni. Mama wa usafi alikuwa amesimama mlangoni na ndoo yake.

"Wageni wanakuja, baba," akasema, "ningewaachiaje sakafu ina mafuta?"

Mafuta mengine hayakuwepo. Nilisogea kushoto, nikaongeza kasi, nikaangusha pini nyingi kuliko ambavyo mtu yeyote angeweza kwenye njia ile. Hazikutosha. Chumba kikaenda kwa yule muuza vifaa wa Migori.

"Lakini mimi kutoboa sijui," akaniambia, akinishika bega. "Njoo Jumatatu, nikuandike kazi."

Nilimwambia sijarudi nyumbani kuandikwa. Jumatatu nilifika kabla hajafungua chumba, nikazunguka hoteli mara tatu, kisha nikamuuliza mama wa usafi anapiga deki siku zipi.