Mwenye Oveni

Mwaka ule Pasaka iliangukia ndani ya Ramadhani, na jirani yangu aliniokea biskuti akiwa amefunga.

Tuliishi ua mmoja huku Kamwokya, Kampala, milango yetu ikitazamana. Yeye alikuwa mjane wa Kinubi aliyekaribia miaka sabini, mjukuu wa askari waliokuja Uganda na jeshi la zamani wakabaki. Mimi nami ni mtoto wa askari. Nililelewa kambini, na kambini lugha yetu ya nyumbani ilikuwa Kiswahili. Siku niliyohamia alinisikia nikimfokea kwa Kiswahili mtu aliyebeba godoro langu, akatoka nje anacheka. "Kumbe tumepata mtu wetu," alisema. Tangu hapo akaniita binti yangu, nami nikamwita Mama.

Alikuwa na oveni ya gesi, ambayo bintiye alimnunulia kabla ya kwenda kufanya kazi Uarabuni. Ua mzima hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Kila Idi alioka biskuti zenye maganda ya machungwa, kama alivyofundishwa na mama yake. Chokoleti niliiongeza mimi. Pasaka yangu ya kwanza pale nilimletea kipande kikubwa, tukakikatakata kwa kisu na kukichanganya kwenye unga wake. Alipoonja alifumba macho, akasema, "Hii sasa tutaifanya kila mwaka."

Kanisani nilikuwa nimejiunga na kikundi cha akina mama. Wengi wao walishuka kutoka juu mlimani, kwenye nyumba zenye mageti na bustani, na walizungumza Kiganda safi na Kiingereza. Kwao Kiswahili kilikuwa lugha ya wanajeshi na wezi. Niliwahi kuwasikia wakisema hivyo na kucheka, nami nikacheka nao. Nilipowapelekea kopo la biskuti waliuliza nani kaoka.

"Mimi," nikasema.

"Umejifunza wapi?"

"Nilisoma kozi."

Hakuna aliyenilazimisha. Uongo ulitoka wenyewe, na kila walipouliza tena niliuongezea kidogo: kozi ilikuwa ya miezi mitatu, mwalimu alikuwa mkali. Zamu yangu ya kuwakaribisha nyumbani ilipofika, Jumapili ya Pasaka saa tisa alasiri, walisema hawataki kitu kingine ila biskuti zile.

Jumamosi asubuhi nilikwenda kwa Mama na machungwa, siagi, sukari ya kahawia na chokoleti. Niliona haya kumwomba akiwa na saumu, lakini alishafunga kanga kiunoni. Alinipa kazi ya kukwaruza maganda. "Ile rangi ya juu tu. Ukifika kwenye weupe umeharibu, itakuwa chungu." Yeye akaponda siagi na sukari kwa mwiko, akatia mayai, unga, kisha maji ya chungwa kijiko kimoja. Kwa kuwa hakuweza kuonja, alinipa mwiko.

"Onja, binti yangu, uniambie. Chungwa linasikika?"

"Linasikika, Mama."

"Sema kweli. Leo ulimi wangu ni wewe."

Unga ukapumzika kwenye friji. Mchana tukaanza kuoka, na jikoni kukawa na joto la kukausha nguo. Siri ya biskuti zile ni kuzitoa mapema, katikati zikiwa bado kama mbichi, kisha kuligonga sinia mezani mara moja zishuke. Zikipoa zinakuwa laini ndani, unazitafuna taratibu na chokoleti inakuganda menoni. Mama alikuwa akichungulia kwenye kioo cha oveni, jasho likimtoka, midomo imemkauka. Harufu ile ingemtoa mtu aliyeshiba nje ya nyumba yake. Hakulalamika hata mara moja. Nilibeba sinia la kwanza, na la pili akaniambia atalileta kesho mwenyewe, kwa sababu angelioka alasiri ili wageni wazikute mpya.

Wageni walikuja saba. Walijibana kwenye makochi yangu, chai ikamiminwa, na mwenyekiti wa kikundi, mwanamke mkubwa mwenye sauti nzuri, alikuwa katikati ya kusifu kozi yangu pale pazia la mlangoni lilipofunguka. Mama aliingia na sinia kichwani, limefunikwa kawa.

"Hodi jamani. Binti yangu, nimekuletea, bado zina moto."

Alisema kwa Kiswahili, kwa sauti kubwa na furaha. Wote wakamtazama. Nilisimama nikalipokea sinia na wala sikumwitikia. Mwenyekiti akauliza kwa Kiganda, "Huyu naye ni nani?"

Ningeweza kusema: huyu ndiye aliyeoka mnachokula. Maneno hayo nimeyapanga mara nyingi tangu siku hiyo na si magumu hata kidogo. Lakini nilijibu, kwa Kiganda, "Ananisaidia kazi za jikoni."

Mama alizaliwa Kampala. Kiganda anakijua kuliko mimi. Nilijua hivyo nikiwa nasema.

Alibaki amesimama pale mlangoni, mikono mitupu. Mwenyekiti, ambaye hakuwa na ubaya wowote, alimsogezea vikombe vilivyokwisha tumika. "Nyabo," akasema, yaani bibi, "basi tuondolee hivi, utuletee vingine."

Nikasubiri akatae. Namaanisha hivyo hasa: nilisubiri yeye anitoe kwenye uongo wangu mwenyewe. Aliinama, akalitoa kawa lake kwenye sinia, akaligeuza, akavipanga humo vikombe saba na kutoka navyo. Nikasikia bomba la uani likifunguliwa. Maji yalitiririka muda mrefu, na mimi nikagawa biskuti. Mtu mmoja aliuliza nimezifanyaje ziwe laini ndani vile. Nikaeleza. Nilieleza vizuri, hatua kwa hatua, hadi lile la kugonga sinia mezani.

Walipoondoka nilikuta vikombe vimepangwa nje ya mlango wangu, vimefunikwa kitambaa safi. Mlango wa Mama ulikuwa umefungwa.

Siku tatu nilitoka nyumbani alfajiri nisikutane naye. Siku ya nne nilinunua tende na tikiti maji, nikasubiri adhana ya magharibi ipite. Alinifungulia. Alirudi kwenye mkeka na uji wake, akanionyesha mahali pa kukaa.

"Mama, ile Jumapili..."

"Nilisikia. Sina ubovu wa masikio."

"Kwa nini uliosha vile vikombe?"

Alikunywa uji kwanza. "Ulitaka nifanye nini? Nikuite muongo mbele ya wageni wako? Ndani mwako?"

Nikaanza kulia, nikamwomba msamaha. Aliniacha nikalia mpaka nikaishiwa.

"Mimi nilikusamehe usiku uleule," alisema. "Nimefunga, sitaki kubeba mizigo. Lakini wale wanawake, mpaka leo wanajua mimi ni mtumishi wako. Hilo siwezi kukuondolea. Ni lako."

Ilinichukua wiki mbili. Niliandika ujumbe kwenye simu, kwenye kundi letu, nikaufuta. Nikaandika tena, nikafuta. Mwishowe nilisema kwa mdomo, mkutanoni, kabla ya sala ya kufunga. Nilisema yule mama si mtumishi, ni jirani yangu, biskuti ni zake, alizioka akiwa na saumu, na kozi haikuwepo. Mwenyekiti aliweka mkono kifuani.

"Nami nilimwoshesha vikombe?"

"Ndiyo."

"Akiwa amefunga?"

"Ndiyo."

Hakuna aliyenigombeza, na labda kugombezwa kungekuwa nafuu. Mmoja alikohoa, mwingine akafungua Biblia, tukasali. Wiki iliyofuata mwenyekiti alishuka peke yake kwenye ua wetu na mfuko wa sukari, akamsalimia Mama kwa kupiga magoti kama Waganda wanavyosalimia wakubwa. Nilikuwa ndani, nyuma ya pazia. Sikutoka. Walizungumza kwa muda, nikawasikia wakicheka, na sikujua wanacheka nini.

Mama bado ananisalimia kila asubuhi. Akiumwa namwita daktari, nikipika matoke namfunikia sahani. Ila sasa ananiita jirani. Sijawahi kumuuliza, kwa sababu jibu ninalo.

Pasaka iliyofuata, Ramadhani ilikuwa imekwisha. Kuomba oveni nilishindwa. Nilitia mchanga kwenye sufuria kubwa, nikaibandika kwenye sigiri ya mkaa, nikaoka humo. Nilikwaruza mpaka kwenye weupe, nikachelewa kuzitoa, chini zikaungua. Nilichagua sita zilizokuwa afadhali nikampelekea.

Alikaa kizingitini, akachukua moja, akaitafuna yote bila haraka.

"Ngumu," alisema.

"Najua."

"Na chungu."

"Najua, Mama."

Akachukua ya pili. Mimi nilibaki nimesimama uani na sahani mkononi, kwa sababu hakuniambia nikae, na wala hakuniambia niende.