Karatasi za Mnavu Mkutanoni Kimandolu

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka natabasamu peke yangu jikoni. Kesho unakwenda kwenye mkutano wa walimu, na boksi lako nimeliona pale mlangoni, limejaa masomo ya chakula ya kugawa bure. Umefanya vizuri. Lakini weka simu pembeni kidogo, nikusimulie jinsi mimi nilivyogawa ya kwangu nilipokuwa mwalimu kijana, nywele zikiwa nyeusi na mdomo mwepesi. Cheka tu, najua hata sasa si mzito.

Nilikuwa nafundisha shule ya Kikwe, huku kwetu Meru. Darasani kwangu alikuwepo mtoto wa kike akiitwa Ndeshi, mpole sana, ambaye kabla ya saa nne alikuwa ameshalala juu ya dawati. Mama yake alimpeleka hospitali, wakamwambia mtoto ana damu ndogo, chakula chake ni chai na mkate tu. Na nyuma ya nyumba yao mnavu ulikuwa umeota mpaka unakanyagwa na mbuzi! Maharage yapo, ndizi zipo, ng'ombe yupo. Lakini siku zile, kama siku hizi, watu waliona haya kula mboga iliyojiotea shambani. Mkate wa dukani ndio uliokuwa heshima. Nikakaa na yule mama tukazungumza kama wanawake, akarudi kwenye chungu chake cha mnavu na maharage. Muhula ulipokwisha Ndeshi alikuwa anakimbizana na wenzake, na darasani ananisumbua kwa maswali. Sijawahi kufurahia kusumbuliwa namna ile.

Basi nikajiambia kwamba kila shule ina Ndeshi wake, amelala juu ya dawati, na mwalimu wake hajui. Wenzangu wakanisaidia kuandaa masomo mafupi yenye michoro: mboga zipi zinaongeza damu, sahani ya mtoto iwe na nini, bustani ya shule inaanzaje. Mchungaji akaturuhusu kutumia mashine ya fotokopi ya usharika. Tukasikia kuna mkutano mkubwa wa walimu wa siku mbili pale Kimandolu, Arusha mjini, watakuja hata wa wilaya za mbali. Nikasema, basi nitagawa hapo hapo. Somo likimfikia mwalimu, limemfikia mtoto.

Nilipanga karatasi mezani, nikaandika kwa kalamu nene "BURE, CHUKUA", kisha nikasogea nyuma nikakunja mikono. Nilikuwa naamini kizuri chajiuza. Na kweli zilikwisha kabla ya mapumziko, moyo wangu ukajaa kabisa. Tukatoka kwenda kunywa chai. Mwanangu, pole yangu. Mwalimu mmoja amekunja somo la mnavu anajipepea. Mwingine amefungia maandazi ya kupeleka nyumbani. Mwingine amelitandika kwenye nyasi akalikalia, sketi isichafuke. Nilifura kwa hasira.

Mama Akyoo akanikuta katika hali hiyo. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, Mmeru wa kwetu, amealikwa kufungua mkutano kwa maombi. Mwembamba, mrefu, na akikutazama unajikuta unanyoosha kola.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umevimba hivyo?"

Nikamweleza yote, nikitegemea huruma. Nikamalizia kwa kusema kwamba watu hawathamini cha bure.

"Waache watu," akasema. "Nyumbani kwenu mgeni akija, loshoro inatolewaje?"

Wewe unaijua loshoro, mahindi na ndizi zilizopikwa zikachanganywa na maziwa ya mgando. Nikamjibu kwamba mwenyeji huonja kwanza mbele ya mgeni, ndipo humpa.

"Na hapa umeonja mbele ya nani? Umemwaga mezani ukakimbilia pembeni, kama mtu anayelisha kuku. Watajuaje kwamba ni chakula?"

Nikajitetea kwa mdomo wangu mwepesi, nikasema kizuri chajiuza.

"Chajiuza sokoni, binti yangu. Wewe leo hupo sokoni. Wewe ni mwenyeji."

Nilinuna, siwezi kukudanganya. Jioni nikapanda kwa mama yangu, kule mlimani Nkoaranga, njia nzima nikibishana na Mama Akyoo kichwani. Nilipomsimulia mama, alicheka mpaka akashika ukuta, na hakuwa upande wangu. Kisha akaniambia nimenye ndizi. Asubuhi nikateremka na loshoro kwenye ndoo yenye mfuniko, pamoja na nakala nilizokuwa nimezibakiza nyumbani.

Siku hiyo sikuweka kitu mezani. Mwalimu akipita namsalimu, namuuliza anafundisha wapi, na watoto wake huja shuleni wamekula nini. Naonja mbele yake, namkaribisha kikombe, na huku anakunywa namsimulia habari za Ndeshi, ndipo nafungua somo tunalisoma pamoja. Watu walikaa. Wengine wakaita wenzao. Asiyekuwa na haja ya somo alikunywa, akashukuru, akaenda zake, nami sikumsukumia karatasi. Mgeni halazimishwi.

Akaja mwalimu mmoja Mmaasai, Mwalimu Saning'o, anafundisha upande wa Longido. Alisoma somo langu kimya mpaka mwisho, kisha akanirudishia.

"Dada, ni zuri. Ila kwetu ndizi hazioti, na huu mnavu ni mpaka mvua ije. Nikifundisha hivi, watoto watakachojifunza ni kwamba wao ni maskini."

Nikageuka kumtafuta Mama Akyoo anisaidie, naye alikuwa amesimama kwa mbali ananitazama tu, kama mama anayengoja mwanawe aamkie wageni bila kusukumwa. Ikabidi nitafute mwenyewe.

"Kwenu mtoto akishiba vizuri," nikamuuliza, "huwa amekula nini?"

Hapo Saning'o akafunguka. Maziwa. Maharage ya mnadani. Nyama siku ikipatikana. Majani ambayo akina mama huyachuma korongoni, yana jina la Kimaasai ambalo mpaka leo ulimi wangu hauliwezi. Nikampa kalamu. Akaikata kwa mstari ndizi yangu, ile niliyoichora kwa mkono wangu mpaka macho yakauma, akaandika vya kwao pembeni. Iliniuma kidogo. Lakini waliokuwa karibu walipoona, nao wakaomba kalamu, kila mmoja akaandika vya kwao. Mpaka tunafunga mkutano, somo langu halikutoka pale likiwa kama lilivyoingia, wala sikuliona limefungiwa andazi.

Mwaka uliofuata, kwenye mkutano kama ule, Saning'o alinitafuta ukumbini. Alikuwa na bahasha kubwa, ndani yake masomo aliyoyaandika upya kwa ajili ya shule za wafugaji, nayo anayagawa bure. Tukasalimiana, tukaulizana habari za mvua, kisha akaniambia, "Nilikuwa na binti darasani, nimeshawaambia wazazi wake kwamba kichwa chake ni kizito, wamrudishe tu kwenye mifugo. Kumbe ni njaa, dada. Sasa nikikosea ubaoni ananisahihisha." Akageukia dirishani, akajifanya ameingiwa na vumbi jichoni. Mimi sikujifanya kitu, nililia wazi katikati ya walimu.

Nilimpelekea Mama Akyoo mkungu wa ndizi kumshukuru. Mkungu akaupokea, shukrani akazikataa. Alisema niwapelekee watakaokuja nyuma yangu, yeye ameshakula. Sasa amelala, Mungu amrehemu, nami sijawahi kuomba bila kumtaja.

Basi mwanangu, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Ila huo moyo uende wenyewe mkutanoni, usitume boksi peke yake. Usiliache mezani ukaenda kupiga picha. Wala usirushe masomo kwenye kundi la WhatsApp ukaridhika na dole gumba. Fundisha kwanza darasani kwako, ili ukisimama mbele ya mwenzako uwe na mtoto wa kumsimulia. Muulize watoto wake wanakula nini kabla hujamwambia wale nini. Akilikata neno lako aandike la kwake, mpe kalamu na unyamaze, hata kama itakuuma, na najua itakuuma kwa sababu umenirithi. Heri mwalimu mmoja aliyekaa mkaelewana kuliko ukumbi mzima uliopita na karatasi.

Nenda, Mungu akutangulie. Akupe salamu nzuri mdomoni na masikio ya kusikia. Watoto utakaowafikia bila kuwaona washibe, waamke, wawasumbue walimu wao. Na akujalie mtu wa kukukemea kwa upendo. Mimi alinijalia, namshukuru, na ndiyo maana kule Longido wapo watoto walioshiba ambao sikuwahi kuyajua hata majina yao.