Nilimfundisha Mpwa Wangu Kufunua Kurasa, Sikumfundisha Kusoma

Nimekosa, na sitafuti wa kumsingizia. Jina langu naomba nilifiche. Siogopi kibarua kuota nyasi, ila ninaishi kijiji kimoja na watu niliowakosea, na aibu yangu ni yao pia. Niliyemkosea zaidi ni mtoto wa dada yangu. Tumwite Editha.

Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza na la pili, kijiji kimoja upande wa Mofu. Kazi yangu ni kufundisha watoto kusoma. Hiyo tu! Sina kazi nyingine ambayo serikali inanilipia, na ndiyo hiyo niliyoshindwa kumfanyia mtoto wa dada yangu wa tumbo moja.

Mambo haya yalianza miaka ya tisini ikiwa bado michanga. Nilikuwa nimetoka chuoni, suruali imenyooka kwa pasi ya mkaa, maneno mengi kuliko akili. Nilikuwa na sifa moja niliyoipenda kupita kiasi. Hakuna mwalimu aliyeandika azimio la kazi kama langu. Azimio ni ule mpango wa mwaka mzima, juma hili irabu, juma lile silabi, mwezi fulani maneno mafupi. La kwangu nililipiga mistari kwa kalamu nyekundu, nikalibandika ukutani, na nikilitazama moyo unatulia.

Dada yangu ni mkubwa kwangu, siku hizi mjane, mkulima wa mpunga, na hajui kusoma. Siku alipomleta Editha kumwandikisha, alivaa kitenge chake cha kanisani. Aliniambia, "Mwalimu, huyu ni wako. Mimi nalima, wewe msomeshe." Alikuwa akiniita Mwalimu hata nyumbani, kwa maringo, majirani wasikie.

Sasa, anayelijua bonde letu anajua mpunga unavyotuendesha. Mashamba yako mbali, huko mbugani, na msimu ukifika familia zinahamia huko. Mpunga ukianza kuweka punje, ndege wanashuka kama mvua, na wanaopanda dunguni, kile kichanja cha miti, kuwafukuza ni watoto. Darasa linabaki nusu mpaka mavuno. Kila mwaka ni hivyo, hakuna anayeshangaa.

Na silabi zangu mimi nilizipanga wapi? Majuma yale yale ya ndege! Watoto wako dunguni wanapiga madebe, mimi naandika ba be bi bo bu ubaoni mbele ya madawati matupu.

Mwalimu mkuu wetu, mama mtu mzima, aliniita akanishauri taratibu. Alisema nisogeze silabi mbele, nizianze upya watoto wakishavuna, kwa kuwa hata yeye alifanya hivyo alipokuwa na darasa la kwanza. Nilimjibu kwamba azimio la kazi halisubiri ndege. Walimu ofisini walicheka, nami nikajiona nimesema kitu cha maana. Mpumbavu mkubwa mimi!

Editha alirudi baada ya mavuno, sauti imekauka kwa kupiga kelele shambani. Wenzake waliobaki walikuwa wanasoma baba, bibi, bata. Yeye alikuwa ameishia kwenye irabu. Nikamweka dawati la nyuma pamoja na wenzake wa dunguni, nikawaambia wafuate wengine. Nilikuwa nagonga ubao kwa fimbo, darasa zima linaimba, na wale wa nyuma wanaimba pia. Ukipita dirishani unasema watoto wote wanasoma.

Mtoto yule alikuwa na kichwa chepesi. Akisikia hadithi mara mbili anaisema yote bila kukosea. Mimi niliona hilo, na badala ya kumsaidia nalo, nikalitumia kunisaidia mimi.

Alipofika darasa la pili, msimu ukamchukua tena, na aliporudi zikaja habari kwamba mkaguzi anapita shule kwa shule. Ilijulikana anataka mtoto mmoja asimame asome mbele yake. Nikamchagua Editha, kwa ile sauti yake safi na kwa kuwa angenitii.

Tulibaki darasani wengine wakiondoka. Nilimkaririsha hadithi ya kuku na vifaranga. Nilimwonyesha kidole kianzie wapi, kitembeeje, na akiona picha ya kuku anachakura, afunue ukurasa. Tulirudia mpaka mkono wake ukazoea. Siku moja alisimamisha kidole juu ya neno, akauliza pale pameandikwa nini hasa. Nikamwambia aache maswali, aendelee.

Mungu wangu! Mtoto ananiuliza neno, mimi mwalimu wa kusoma, namkataza!

Mkaguzi alikuja. Editha alisimama, akafungua kitabu, kidole kikatembea, kuku akachakura, ukurasa ukafunuliwa. Mzee yule alivua miwani, akanipa mkono. Akatazama na azimio langu ukutani, akaniambia walimu kama mimi ni wachache. Dada yangu alipopata habari alinichinjia jogoo, na nikamla.

Sifa zikazaa mambo. Niliitwa Ifakara kuwafundisha walimu wenzangu kwenye semina za kusoma. Nikasimama mbele yao na chaki mkononi nawaelekeza namna ya kuandaa somo, namna ya kumfikia kila mtoto. Walimu wazima walinukuu maneno yangu.

Kabla sijapanda baiskeli kwenda semina ya kwanza, Editha alinifuata nyumbani. Alisimama mlangoni, mikono nyuma.

"Mjomba, mkaguzi ameshaondoka. Sasa nifundishe kusoma."

Nilimwambia asubiri nikirudi. Niliporudi nikamwambia tumalize mitihani kwanza. Baadaye nikasema tuvune kwanza. Hakunisumbua, hakununa. Alikuwa anaitikia tu, "Sawa, mjomba," na mimi nikajidanganya kwamba ataokota kusoma mbele kwa mbele, wengi wanaokota hivyo.

Darasa la nne wakapata mwalimu mgeni, asiyeijua familia yetu. Siku moja alimwita Editha asome kitabu cha maarifa ambacho hakuwahi kukiona. Nilikuwa barazani, dirisha liko wazi. Nilimwona akisimama. Akafungua kile kitabu, akaweka kidole, akaanza kwa sauti yake safi kusoma habari za kuku na vifaranga.

Darasa liliangua kicheko. Alifika hata mahali pa picha, akafunua ukurasa.

Mwalimu mgeni alidhani anamdhihaki. Akatoka nje, akanijia barazani kwa hasira, akaniuliza mimi mjomba wake huyu mtoto ana nini. Hapo ndipo nilipokuwa na nafasi, ndugu zangu. Neno moja tu lingetosha. Ningesema, hajui kusoma, na kosa ni langu. Editha alikuwa ananitazama kupitia dirishani, macho hayajatoka machozi bado, anasubiri nimtetee.

Nikasema, "Huyu ana utani sana."

Akapigishwa magoti juani kwa utovu wa adabu. Angeweza kunitaja mbele ya shule nzima, wala hakunitaja. Nilirudi darasani kwangu, nikaendelea kufundisha.

Kesho yake hakuja, na hakuja tena. Nilijikaza juma zima, kisha nikafunga vitabu kwenye baiskeli nikaenda shambani. Dada yangu alikuwa anaanua mpunga. Nilidhani nitapata kahawa kwanza, nianze na salamu za nyumbani. Yeye aliniuliza moja kwa moja.

"Mtoto anajua kusoma au hajui?"

"Hajui."

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua."

Aliendelea kukusanya mpunga wake kwa mikono, punje kwa punje zilizotawanyika, kisha akaniambia niondoke mapema, njia itaharibika kwa mvua. Tangu siku ile hajaniita Mwalimu. Ananiita kwa jina langu la ubatizo, kama anavyowaita watu wa barabarani.

Editha alikuwa dunguni, akilinda mpunga uliochelewa kukomaa. Aliniamkia kutoka kule juu, "Shikamoo, mjomba," bila kushuka. Nilimwambia nimekuja tuanze upya, kuanzia irabu, nitamfundisha hata hapo hapo shambani. Alirusha donge la udongo, ndege wakaruka, akangoja watulie.

"Nilikuomba, mjomba," alisema.

Nililia njia nzima, baiskeli naisukuma tu. Mwanaume mzima, vitabu nyuma!

Miaka ikapita, Editha akawa msichana mkubwa, analima na mama yake. Ana mdogo wake wa mwisho, Melania, na mwaka huu Melania ametimiza umri wa kuanza. Siku ya kuandikisha nilikaa mezani kutwa nzima nikitazama mlango. Nilishaamua moyoni kwamba kwa huyu nitalipa deni langu lote. Azimio langu siku hizi nalipanga kufuata mpunga, wa dunguni wakirudi naanza nao upya, sina aibu. Melania hakuletwa.

Jioni nikaenda kwao. Editha alikuwa anamsuka mtoto nywele. Aliniamkia kwa adabu, akanipa kigoda. Nikauliza mbona hawakuja. Akamaliza mstari mmoja wa nywele ndipo akanijibu.

"Huyu atasoma shule ya ng'ambo, mjomba. Naomba usikasirike."

Shule ya ng'ambo ni mwendo mrefu, na mto ukijaa ni wa kuvushwa kwa mtumbwi. Wameona heri mtoto avuke mto kuliko akae mbele yangu. Nilisema sawa.

Juzi nilipita kando ya nyumba yao nikasikia sauti mbili nyuma ya ua. Moja ni ya Melania, inasema ba, be, bi. Ya pili ni ya Editha, mtu mzima, inarudia polepole, inakosea, inaanza tena. Nilisimama pale nikasikiliza. Nikapiga hodi. Sauti zikanyamaza, nikasikia kitabu kikifungwa.

Walimu wenzangu, hasa ninyi mnaoanza kazi mkiwa na maringo niliyokuwa nayo mimi, msipange masomo kwa ajili ya macho ya mkaguzi. Yeye anapita siku moja tu. Mtoto atakayerudi shambani bila silabi ataishi bila silabi. Na mtoto akikufuata mlangoni akakuambia hajui, weka baiskeli chini, mfundishe siku ile ile. Mimi niliambiwa, kwa adabu kabisa, na mtoto wa dada yangu, nikamwambia asubiri.