Jiwe la kilo kumi na wazazi kumi na tisa wa Butembo

Ukimuuliza Mama Berthe, muuza makaa wa mtaa wa Furu hapa Butembo, atakuambia kwamba ndege ilikuwa imekwisha kuanza kukimbia. Magurudumu yanazunguka, vumbi limefunika watu, na abiria kumi na tisa wamebaki chini wanalia. Ndipo jirani yake, Séphora Maliro, alipokaza kitenge kiunoni, akaokota jiwe, akalirusha. Jiwe likagonga bawa, ngaa! Rubani akafunga breki.

"Minakuambia kweli ya Mungu," anaapa Mama Berthe, mikono yote myeusi. "Ndege muzima ilisimamishwa na mwanamuke wa hapa Furu. Na jiwe! Hapana na bunduki."

Siku hiyo Mama Berthe alikuwa sokoni na makaa yake, mbali kabisa na uwanja wa ndege. Lakini hadithi yake imekwisha kupita mitaa yote, na kila mtaa umeongeza jiwe ukubwa.

Séphora mwenyewe, mwenye miaka 36, akiisikia hucheka mpaka anashika nguzo. "Jiwe ya baba yangu, nitupe? Mais Mama Berthe!"

Ni saa kumi na moja alfajiri, Jumanne, na baridi ya Butembo inauma masikio. Katika ua wa kanisa, basi dogo la bluu linanguruma taratibu. Dereva, Malachie, anafuta kioo kwa gazeti. Hakuna anayepanda. Watu wamepanga mstari mbele ya mizani ya chuma, ile ya kupimia magunia ya kahawa, na Séphora amesimama pembeni yake na daftari.

"Viatu kwa miguu, koti kwa mwili, mutoto kwa mugongo," anawaambia. "Vile utaingia kwa ndege, vile vile panda hapa. Na usishike ukuta, Papa, ninakuona."

Mama mmoja mnene anasita. Anageuka kuangalia kama wanaume wanasikia. Séphora anamnong'oneza kilo zake sikioni, naye anashuka haraka kama aliyekanyaga kaa la moto.

Hiyo ndiyo kazi yake. Hukusanya wasafiri wa kundi moja, hukodi basi, hupanga nani akae wapi, huwavusha kwenye vizuizi vya wanajeshi, na huwafikisha uwanja wa Mavivi, mbele kidogo ya mji wa Beni, kabla ndege haijatua. Vita vimeifunga barabara ya Goma, na zile za kushuka magharibi hazina mwenyewe. Kwa mtu wa Butembo, njia ya Kinshasa mwaka huu wa 2003 ni ya angani tu.

Kila abiria humwachia dola moja. Mwezi mzuri hupata dola arobaini. Mwezi wa risasi barabarani hapati kitu. "Mwezi wa pili tulikula muhogo na chumvi, tukabadilisha, tukala chumvi na muhogo," anasema.

Zamani alikuwa mchambuzi wa kahawa. Miaka tisa alikaa juu ya gunia katika depo moja, ghala la kahawa, akitenga punje nzuri na mbaya. Kisha ugonjwa ukanyausha mibuni ya Beni shamba kwa shamba, na vita vikamaliza kilichobaki. Depo ikafungwa. Mwenye depo hakuwa na mshahara wa mwisho wa kumpa, akampa mizani.

"Batu balinicheka sana," anakumbuka. "Balisema, 'Kahawa imekufa, Séphora amerizi kitanda yake.'"

Alipoanza kupeleka watu Mavivi, mizani hiyo ilikaa nyuma ya nyumba, kuku wakiilalia. Alihesabu vichwa tu, kama mtu anayepeleka watu harusini. Hilo ndilo lililokuwa kosa lake.

Ndege zinazokwenda Kinshasa ni za mizigo. Katikati magunia, pembeni benchi. Wakala wa ndege haliuzii kundi viti, huliuzia uzito. Mwezi wa sita Séphora alifikisha watu wote uwanjani, wakapimwa, wakaonekana wamezidi, na wanne wakaambiwa warudi nyumbani.

Mmoja wao alikuwa Papa Éliakim Kasonia, mkulima wa Musienene, mwenye miaka 71. Binti yake, Abigaïl, alikwenda kusoma chuo kikuu Kinshasa mwaka 1998, wiki chache kabla vita havijaikata nchi vipande viwili. Miaka mitano mzee hakuwa amemtia machoni.

"Hakunitukana," anasema Séphora. "Alirudi tu ndani ya basi, akakaa kiti ile ile alikuja nayo. Angenitukana, ningelala usingizi."

Mtaani maneno yakaanza. Wengine walisema ameuza nafasi za wazee wa watu. Jumapili moja, baada ya matangazo, akasimama kanisani mbele ya wote. Alisema safari ya mwezi wa saba ina wazazi kumi na tisa, wote wana watoto upande wa pili wa vita, na wote kumi na tisa watapanda. Akibaki hata mmoja, yeye ataacha kazi hiyo na mizani ataiacha kwa mchungaji.

"Nilikaa chini," anasema. "Nikajiuliza, nani alinituma?"

Wiki hiyo aliwafukuza kuku, akaosha mizani. Wakala aliwapa kundi kilo elfu moja na mia tano, watu na mizigo pamoja. Jumamosi Séphora akawapima wote, Wakatoliki na Waprotestanti mstari mmoja, maana, kama anavyosema, kilo haina dini. Kila mtu akaambiwa abebe mzigo wa kilo ngapi. Jumanne ya tarehe 15 Julai, kabla ya kuondoka, akawapima tena.

Papa Éliakim, ambaye Jumamosi alikuwa na kilo hamsini na nane, akapanda. Sindano ikasimama kwenye sitini na saba.

"Papa," Séphora akamwuliza kwa heshima, "hizi siku tatu umekula nini?"

"Chakula tu."

"Papa, fungua koti."

Mzee akafungua. Bitana yote ya ndani ilikuwa imeshonwa vifuko, kifuko juu ya kifuko, vimejaa maharage ya Musienene. Ua mzima ukalipuka kwa kicheko.

"Ni mbegu ya nyumbani," mzee akajitetea. "Mutoto alituma barua. Alisema maharagi ya Kinshasa unapika kutoka asubui, mangaribi iko inakuangalia tu."

Kilo tisa. Séphora aliangalia daftari, akaangalia koti. Kwa sheria yake mwenyewe, maharage yalipaswa kubaki. Ndipo mama mmoja kijana, Bénite, aliyebeba kifurushi kidogo tu, akasema, "Andika kilo zake kwangu. Mimi niko na nguo mbili na Biblia." Wazazi wakakubaliana hivyo. Jumla ikawa kilo elfu moja mia nne tisini na nane.

Watu walipokuwa wanapanda basi, Séphora akaenda nyumbani kwake, akarudi na jiwe la mtoni, jeusi, laini, limefungwa katika kitenge. Akaliweka kwenye kiti cha mbele.

Malachie akashika kichwa. "Yaya Séphora, dada yangu! Tumechunguza koti ya muzee mpaka ndani, sasa wewe unabeba jiwe?"

"Endesha gari, Malachie. Hii hapana panda ndege."

Jiwe hilo ni la marehemu baba yake, mkulima wa kahawa wa Mabalako. Zamani, wakati wa mavuno, wanunuzi walikuja kijijini na mizani zao, na kila mizani ilikuwa na tabia yake. Wakulima nao wakatafuta mawe ya kuzijaribia. Baba yake aliokota lake mtoni, akalipeleka kwa masista wa zahanati, wakalipima kwenye mizani ya dawa, akalisugua juu ya mwamba siku mbili mpaka likawa kilo kumi kamili. Tangu hapo, kabla ya gunia lake la kwanza kupanda mizani ya mnunuzi, lilipanda jiwe.

"Alikuwa anasema, 'Hapana gombana na mutu. Uliza jiwe,'" anasimulia Séphora.

Safari ikaenda vizuri. Kwenye mlima wa Kabasha matope yaliwashusha wote wakasukuma. Kwenye kizuizi kimoja askari alichukua orodha, akaona majina na kilo, akaanza kusoma kwa sauti: "Huyu wa tisini na mbili ni nani? Atokee tumuone!" Hakutokea mtu. Askari akacheka, akasema, "Likambo te, hakuna shida, pitisha," na kamba ikashushwa. Saa tatu na nusu asubuhi walikuwa Mavivi, wamelowa jasho la joto la bonde, na ndege imekwisha kutua.

Wakala akawapima mmoja mmoja, kisha mizigo. Alipomaliza akapiga mstari chini ya karatasi.

"Elfu moja mia saba tisini na nane. Munapita karibu kilo mia tatu. Batu batano babaki."

Mkono wake ukaanza kuchagua, na wa kwanza aliyemwonyesha alikuwa Papa Éliakim. "Bazee kwanza. Bo banaweza ngojea ndege ingine."

Mzee alifunga vifungo vya koti lake, kimoja kimoja, akageuka kuelekea basi.

Waliokuwapo wanasema Séphora hakupandisha sauti. Alimpita mzee, akaenda kwenye basi, akarudi na kitenge mikononi, mgongo umepinda kwa uzito.

"Chef, tupime hii pia."

"Ni nini?"

"Ni jiwe. Iko kilo kumi."

Akaliweka mwenyewe. Sindano ikapanda, ikayumba, ikasimama kwenye kumi na mbili.

"Kwa kilo kumi, inaongeza mbili," Séphora akasema taratibu. "Kwa kilo elfu moja mia tano, chef, inaongeza ngapi?"

Wakala akawaka. "Jiwe yako ndiyo inaongopa! Nani anajua uzito ya jiwe? Jiwe iko na papier?"

Neno hilo la karatasi ndilo lililomponza. Nyuma yao alikuwa amesimama Kamate, mfanyabiashara wa Beni aliyekuja kupokea mizigo, ameegemea magunia yake ya sukari.

"Jiwe haina papier," Kamate akasema, "mais sukari yangu iko nayo." Akabeba gunia zima, halijafunguliwa, ubavuni limechapwa kilo 50. Akalibwaga kwenye mizani, pu!

Sitini.

Uwanja ukalia kama soko linalowaka moto. Askari mmoja mlinzi akasogea, akainama, akaisoma sindano mara mbili, kisha akamgeukia wakala. "Na muzigo yangu ya wiki ile? Ile ulisema imepita?" Kila mtu akakumbuka gunia lake, begi lake, shangazi yake aliyerudishwa. Nafasi za waliobaki zilikuwa zinauzwa tena pembeni, na sasa kila mmoja alijua.

Rubani, mzungu asiyejua Kiswahili, alishuka kuuliza kelele ni za nini. Aliangalia sukari. Aliangalia jiwe, akalinyanyua kwa mkono mmoja, akalirudisha. Akacheka peke yake, akawapungia wazazi mkono: ingieni.

Wakaingia kumi na tisa. Papa Éliakim alikuwa wa mwisho. Mlangoni alisimama, akamwinamia Séphora kama watu wanavyowainamia wakubwa, akasema, "Wasingya, mama," asante ya kwao, ya Kinande.

Séphora, ambaye hajapanda ndege hata siku moja, alikaa juu ya jiwe lake akaiangalia mpaka ikawa kama nzi, na baadaye ikawa si kitu.

"Nililia mpaka Malachie akaanza kupiga honi," anasema.

Siku sita baadaye habari zikaja kwa foni, redio ya mawasiliano ya mtaani. Sauti ya mzee ilikuwa inakatikakatika kwa mikwaruzo. Alisema Abigaïl alimsubiri uwanjani Kinshasa, amemaliza masomo, amenenepa, amemlilia kifuani mpaka vifuko vikapasuka, na wakaokota maharage chini pamoja na watu wasiowajua. Alisema wamepika, na yameiva kwa saa moja na nusu.

Kuanzia siku hiyo Séphora amepanga safari kumi na moja. Hakuna abiria wake aliyelala Mavivi. Watu wa Musienene hushuka mpaka Butembo kumtafuta "yule wa jiwe," na makundi mawili ya Beni yamemwomba awapangie pia. Mwakani anataka kukodi basi la pili, Malachie amfundishe mdogo wake kuendesha. Tayari wanawake watatu wa Mabalako wamemletea mawe ya mtoni ili ayalinganishe na lake, na yako nyuma ya nyumba, yamefunikwa gunia, moja bado limezidi nusu kilo.

"Hilo tutalisugua," anasema. "Nataka kila kundi ikuwe na yake. Siku moja mimi nitakuwa mugonjwa, ndege haitaningojea."

Asubuhi hii, mtu wa mwisho ameshuka kwenye mizani. Malachie amewasha taa za basi. Séphora anafunga daftari, na hapo anakumbuka jambo, anacheka kidogo.

Wiki iliyopita, anasema, wakala alimwita pembeni. Mizani ya Mavivi imetengenezwa sasa, na wakala amekuwa mpole siku hizi, humwita Mama Séphora na kumpa kiti. Akamwambia kwa sauti ya chini kwamba batu banamucheka, kwamba batoto bake shuleni wanaitwa batoto ba kilo mbili. Akamwomba: safari ijayo, tafadhali, jiwe libaki nyumbani. Yeye atapima vizuri, ameapa.

"Nawe ulimjibu nini?" namwuliza.

Séphora anafunga kitenge cha jiwe mafundo mawili, anainama, analinyanyua.

"Malachie," anaita, "fungua mlango ya mbele."